Mashine ya Kukandia Unga: Jinsi ya Kuichagua kwa Msaada wa Fizikia na Kemia

Chang'ombe, katika Wilaya ya Temeke jijini Dar es Salaam, ni mahali ambapo viwanda, vyuo na makazi ya watu vimepakana. Hapo kipo chuo cha ufundi stadi cha VETA. Hapo pia kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu (DUCE), kilichoanzishwa mwaka 2005 mahali palipokuwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe. Na katika nyumba nyingi za eneo hilo, kabla jua halijachomoza, unga wa ngano hukandwa kwa ajili ya maandazi, chapati na mikate, mingine ya kuliwa nyumbani na mingine ya kuuzwa.

Kukanda ni kazi nzito. Ndiyo maana watu wengi hutamani mashine ya mezani yenye bakuli na mkono wa kukandia, ambayo mafundi na wauzaji wa Kariakoo huiita mikisa. Lakini bei yake yaweza kumeza akiba ya miezi mingi. Aghalabu mnunuzi husoma idadi ya wati iliyoandikwa kwenye boksi, akachagua iliyo kubwa kuliko zote, na baada ya majuma machache mashine ikatoa harufu ya kuungua na kunyamaza. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba elimu ya kidato cha pili na cha tatu yatosha kumwepusha mnunuzi na hasara hiyo.

Unga unapokandwa

Unga wa ngano una protini mbili zenye umuhimu katika mapishi: gliadini na glutenini. Unga ukiwa mkavu, protini hizo hazishikamani. Maji yanapoongezwa na unga kukandwa, protini hujifunga pamoja na kufanya wavu unaonyumbuka, uitwao gluteni. Glutenini huupa wavu huo ukakamavu, na gliadini huupa uwezo wa kunyooka bila kukatika.

Hamira inapokula sukari hutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Wavu wa gluteni huinasa gesi hiyo, na donge huumuka. Donge lisilokandwa vya kutosha halina wavu imara. Gesi hutoroka, na andazi huwa zito kama jiwe. Ifahamike basi kwamba kazi ya kukanda ni zaidi ya kuchanganya. Ni kuvuta, kukunja na kubana donge mara nyingi, na kwa kani kubwa.

Kupiga mayai au kulainisha siagi na sukari kwa ajili ya keki ni kazi ya namna nyingine. Hapo linalotakiwa ni kuingiza mapovu madogo ya hewa. Kani inayohitajika ni ndogo, lakini mwendo lazima uwe wa kasi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi ni hili: mashine itafanya kazi gani zaidi, ya kukanda au ya kupiga? Mashine iliyo hodari kwa kazi moja yaweza kuwa dhaifu kwa nyingine.

Asili ya mashine hii

Mwaka 1908, mhandisi Herbert Johnston wa kampuni ya Hobart, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, alimwona mwoka mikate akikoroga donge kwa kijiko cha chuma. Akaona kwamba kazi hiyo ingeweza kufanywa na mota. Mashine za kwanza zilikuwa kubwa, kwa matumizi ya viwanda vya mikate na ya jeshi la majini la nchi hiyo. Mwaka 1919 ilitoka mashine ndogo ya nyumbani kwa jina la KitchenAid. Nchini Uingereza, Kenneth Wood alitoa mashine yake iliyoitwa Kenwood Chef mwaka 1950. Mashine nyingi za mezani zinazouzwa Afrika Mashariki leo, ziwe za jina gani, hufuata umbo la hizo mbili.

Mwendo wa sayari

Mhimili wa kukandia hufanya mizunguko miwili kwa wakati mmoja: hujizungusha wenyewe, na papo hapo huzunguka ndani ya bakuli. Kwa kuwa hufanana na mwendo wa sayari kulizunguka Jua, huitwa mwendo wa sayari. Lakini ipo tofauti moja. Dunia hujizungusha kwa kuelekea upande uleule ambao hulizunguka Jua; mhimili wa mashine hujizungusha kwa kuelekea upande wa pili. Kwa njia hiyo hufika kila mahali pa bakuli, na bakuli lenyewe hubaki limetulia.

Siri iko katika gia. Ndani ya kichwa cha mashine kuna gia kubwa ya duara yenye meno kwa ndani, nayo haisogei. Gia ndogo iliyofungwa kwenye mhimili hubingirika ndani yake. Ikiwa gia kubwa ina meno 60 na ndogo ina meno 12, basi kwa kila mzunguko mmoja wa bakuli gia ndogo hupita meno 60, yaani mara 5 ya meno yake. Ukiondoa ule mzunguko mmoja wa safari, ambao huelekea upande wa pili, mhimili huwa umejizungusha mara 4.

Vifaa vinavyochomekwa kwenye mhimili huwa vitatu: kulabu ya kukandia donge, kasia ya kuchanganyia rojo la keki, na kipigio cha nyaya cha kupigia mayai. Kipigio kisitumiwe kamwe kwa donge zito, kwani nyaya zake zitapinda.

Wati haziambii yote

Kosa kubwa la wanunuzi ni kudhani kwamba wati nyingi maana yake ni mashine yenye nguvu ya kukandia. Wati zilizoandikwa ni kiasi cha umeme ambacho mota yaweza kula, mara nyingine kwa dakika chache tu inapoelemewa. Kinacholigeuza donge ni momenti, yaani kani ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili. Uhusiano wa mambo hayo ni huu:

Wati zinazofika kwenye donge = momenti × kasi ya mzunguko (kwa radiani kwa sekunde).

Ichukuliwe mashine inayokula wati 250 inapokanda, na ufanisi wake ni asilimia 40. Wati 150 hupotea kama joto katika mota na msuguano wa gia. Wati 100 hufika kwenye donge. Ikiwa kulabu inazunguka mara 100 kwa dakika, kasi yake ni:

100 × 2 × 3.14 ÷ 60 = radiani 10.5 kwa sekunde.

Momenti = 100 ÷ 10.5 = nyutoni-mita 9.5.

Kulabu inayosukuma donge katika umbali wa sentimita 5 kutoka katikati hutoa basi kani ya nyutoni 190, karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo 19. Wati zizo hizo zikitumiwa kwa mizunguko 200 kwa dakika, momenti hushuka hadi nusu.

Hapo ndipo umuhimu wa gia unapoonekana. Mota ndogo yenye brashi za kaboni huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kasi hiyo hupunguzwa kwa gia, na kadiri inavyopunguzwa ndivyo momenti inavyoongezeka. Mashine ya wati 300 yenye gia madhubuti za chuma yaweza kulikanda donge lililoishinda mashine ya wati 1,200 yenye gia hafifu za plastiki. Hata hivyo, gia moja laini si lazima iwe dalili ya ubovu. Katika baadhi ya mashine huwekwa makusudi ili ivunjike yenyewe na kuinusuru mota, kama fyuzi inavyoinusuru nyumba. La muhimu ni kujua kama gia hiyo hupatikana dukani.

Kutokana na maelezo hayo yafuata pia kwamba donge likandwe kwa mwendo wa chini. Mwenye haraka huongeza mwendo ili amalize mapema. Lakini donge zito halipunguzi upinzani wake kwa sababu hiyo. Linachoongezeka ni wati zinazodaiwa kwa mota, na mota huungua.

Joto la Dar es Salaam

Nishati inayoingia kwenye donge haipotei. Hugeuka kuwa joto. Katika mfano wa hapo juu, wati 100 kwa dakika 10, yaani sekunde 600, ni jouli 60,000. Unga kilo 1 pamoja na maji gramu 600 hufanya donge la kilo 1.6. Kulipandisha joto donge la kilo 1 kwa nyuzi moja ya sentigredi huhitaji jouli zipatazo 2,800. Kwa hiyo:

60,000 ÷ (1.6 × 2,800) = nyuzi 13.

Sehemu ya joto hilo huingia kwenye bakuli na hewani, hivyo yafaa kuhesabu nyuzi kama 10. Mikono ikikanda polepole, ongezeko huwa nyuzi 3 hivi.

Vitabu vingi vya mapishi viliandikwa katika nchi za baridi na huagiza maji ya uvuguvugu. Mtu wa Chang'ombe akifuata agizo hilo mwezi Februari, wakati joto la jikoni ni nyuzi 30 au zaidi, donge hutoka kwenye mashine likiwa moto, huumuka kwa pupa, na hupata harufu ya uchachu kabla halijakatwa. Lawama huangukia hamira au mashine, na kumbe kosa ni la hesabu.

Waoka mikate hutumia kanuni nyepesi. Joto linalotakiwa la donge huzidishwa kwa 3, kisha hutolewa joto la unga, joto la chumba na ongezeko la kukanda. Linalobaki ni joto la maji. Kwa donge la nyuzi 26:

Kwa mashine: 78 − (30 + 30 + 10) = nyuzi 8.
Kwa mikono: 78 − (30 + 30 + 3) = nyuzi 15.

Hivyo anayetumia mashine Dar es Salaam sharti awe na maji ya jokofu au barafu. Kadhalika tui la nazi lililotoka tu kuchemka lisimiminwe; lipoe kwanza.

Umeme wa nyumbani

Umeme wa TANESCO majumbani ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine iliyotumika kutoka Marekani imeundwa kwa volti 120, na ya Japani kwa volti 100. Kigeuza plagi hakibadilishi volti. Hubadilisha umbo la miguu ya plagi tu. Mashine ya namna hiyo ikichomekwa bila transfoma huharibika mara moja. Kibao kidogo kilichobandikwa chini ya mashine kisomwe kabla ya fedha kutolewa.

Kwenye kibao hicho huonekana pia, katika baadhi ya mashine, herufi KB na idadi ya dakika, kwa mfano KB 5. Maana yake ni kwamba mashine isiendeshwe mfululizo kupita dakika hizo. Lazima ipumzishwe mpaka ipoe. Mashine yenye KB 5 haikuundwa kwa mtu wa kukanda madonge sita kwa mfululizo.

Umeme unaposhuka jioni, mashine hulegea. Kwa mota ya induksheni, ambayo hutumiwa katika mashine kubwa za waoka mikate, momenti ya kuanzia hupungua kwa kipeo cha pili cha volti. Volti zikishuka hadi 180, momenti hubaki (180 ÷ 230) × (180 ÷ 230), yaani asilimia 61 hivi. Mota ikivuma bila kuzunguka, izimwe papo hapo.

Kuhusu gharama ya umeme, hofu ya wengi haina msingi. Wati 250 kwa dakika 10 ni uniti 0.042 tu za LUKU. Birika la wati 2,000 kwa muda uleule hula uniti 0.33, yaani mara nane. Gharama halisi ya mashine ni bei yake na matengenezo yake.

Usalama una masharti machache. Mashine yenye mwili wa chuma lazima iwe na waya wa ardhini unaofanya kazi, isipokuwa ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba, ambayo ina kihami cha mikunjo miwili. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kipande cha waya. Plagi ichomolewe kabla ya kufunga au kufungua kulabu. Ncha za kanga, mtandio na nywele ndefu zifungwe mbali na mhimili, kwa kuwa momenti inayoligeuza donge haichagui.

Bakuli, uzito na vipuri

Wauzaji hutaja lita za bakuli. Mnunuzi aulize kilo za unga. Bakuli la lita 5 halikandi donge la lita 5. Donge huhitaji nafasi ya kugeuka, na mota huwa na kikomo chake. Kwa mashine nyingi za nyumbani zenye bakuli la kadiri hiyo, unga kilo 1 kwa mara moja ni mzigo wa kutosha. Kijitabu cha mashine ndicho chenye kauli ya mwisho.

Uzito wa mashine ni fadhila. Kani ya msuguano kati ya mashine na meza hutegemea uzito huo. Mashine nyepesi hutambaa mezani inapokanda, na huweza kuanguka. Yafaa kuishika na kuinyanyua dukani, na kutazama kama miguu yake ina mpira.

Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Bakuli la chuma kisichoshika kutu ni bora. Kulabu ya alumini isiyopakwa rangi isiloweshwe kwa sabuni kali, kwani hubadilika kuwa nyeusi na kuchafua donge.

Mwisho, aulizwe fundi kabla hajaulizwa muuzaji: je, kaboni za mota hii hupatikana? Gia yake je? Tarehe ya kununua hubaki kwenye risiti, na risiti itunzwe. Viwango vya bidhaa ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975, na bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC).

Nyumba tatu

Nyumba ya kwanza hupika chapati kumi kila Jumapili. Unga ni nusu kilo. Mikono hukanda kiasi hicho kwa dakika kumi, na donge likiachwa lipumzike nusu saa gluteni hulainika yenyewe. Nyumba hii haihitaji mashine.

Nyumba ya pili huoka keki za sherehe mara mbili kwa juma, na mkate mara moja moja. Kazi kubwa ni kupiga mayai na siagi. Mashine ya mezani yenye mwendo wa sayari, bakuli la lita 4 hadi 5, mwendo wa juu ulio thabiti na kipigio kinachokaribia sakafu ya bakuli itaifaa. Wati nyingi hazina faida kwake.

Nyumba ya tatu hukanda unga kilo 6 kila alfajiri kwa maandazi ya kuuza karibu na shule. Kwa mashine ya kilo 1, hayo ni madonge 6. Kila donge likichukua dakika 10 za kukanda na dakika 20 za kuipoza mashine, kazi huchukua karibu saa 3. Aliyekuwa akiamka saa 10 usiku atalazimika kuamka saa 7. Asipoipumzisha, mashine itakufa kabla haijarudisha bei yake. Nyumba hii yapaswa kuweka akiba kwa ajili ya mashine ndogo ya waoka mikate, ambayo bakuli lake huzunguka pamoja na kulabu, na mota yake ni ya induksheni; au wanunue kwa ushirika, nyumba mbili au tatu. Hadi hapo, mikono ya watu wawili ni bora kuliko mashine ya nyumbani iliyoelemewa.

Majaribio ya darasani

1. Kuutoa wavu wa gluteni. Kanda unga wa ngano gramu 100 kwa maji gramu 60. Acha kwa nusu saa, kisha lioshe donge ndani ya bakuli la maji huku ukilibana, ukibadilisha maji mpaka yawe meupe kidogo tu. Kinachobaki mkononi, kinachovutika kama mpira, ni gluteni. Rudia kwa unga wa mahindi. Eleza kwa nini hakuna kinachobaki.

2. Kupima joto la kukanda. Pima joto la unga na la maji, kanda kwa mikono dakika 10, kisha pima joto la donge. Linganisha na hesabu ya makala hii.

3. Kupima wati kwa LUKU. Zima vyombo vyote vya nyumba isipokuwa mashine. Soma usoni pa mita ni mara ngapi taa hupepesa kwa uniti moja. Hesabu mipepeso kwa dakika 5 mashine ikiwa tupu, kisha ikiwa na donge. Tofauti yake ni kazi ya kukanda pamoja na hasara inayoongezeka katika mota. Jaribio hili lifanywe mbele ya mwalimu au mzazi.

Maswali

1. Mashine hula wati 400 kwa ufanisi wa asilimia 35, na kulabu huzunguka mara 80 kwa dakika. Tafuta momenti. (Jibu: karibu nyutoni-mita 16.7.)

2. Mwezi Julai joto la unga na la chumba ni nyuzi 25. Maji yawe na nyuzi ngapi ili mashine itoe donge la nyuzi 26? (Jibu: nyuzi 18.)

3. Gia kubwa ina meno 72 na ndogo meno 18. Mhimili hujizungusha mara ngapi kwa kila mzunguko wa bakuli? (Jibu: mara 3.)

4. Muuzaji anasema, "Hii ina wati 1,500, haishindwi na donge lolote." Andika maswali manne ambayo mnunuzi anapaswa kumwuliza kabla ya kulipa.